Mkasi wa Kamati ya Ufadhili

Mhudumu wa usafi alidhani Mwenyekiti amesinzia. Haikuwa mara ya kwanza kumkuta asubuhi amelalia meza, miwani imewekwa kando, shavu limeegemea rundo la karatasi. Alimwamkia, akakohoa, akagonga ndoo sakafuni kwa makusudi. Kisha akaona karatasi zilizo chini ya shavu zimegeuka rangi ya kutu, na ndoo ikamponyoka mkononi.

Maji ya sabuni yalikuwa bado yametuama kwenye korido Inspekta alipomaliza kupanda ngazi, akihema. Lifti ya jengo la Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii ilikuwa imekufa zamani. Watu walikuwa wameigeuza stoo ya viti vibovu.

"Nani ameingia humu ndani?"

"Mimi, afande," alijibu mhudumu. "Na katibu muhtasi. Ila yeye aliishia mlangoni, akaanguka."

"Umegusa kitu?"

"Nimemgusa bega. Lilikuwa la baridi kama bomba la maji."

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mpole wa sauti. Kituoni walimwita Shangazi, ingawa si mbele yake. Walisema huwahoji watuhumiwa kama shangazi anayeuliza nani kamaliza sukari, mpaka mtu anajikuta ameshakiri kabla chai haijapoa. Koplo aliyefuatana naye alikuwa mtu mzima anayekaribia kustaafu, mwenye hati nzuri na mwendo wa kinyonga.

Marehemu alikuwa profesa wa historia na mwenyekiti wa kamati inayogawa fedha za utafiti kitivoni. Kalamu nyekundu ilikuwa bado katikati ya vidole vyake. Mezani palijaa maandiko ya utafiti ya wahadhiri wanaoomba ufadhili, mengine yamepigwa mistari, mengine hayajaguswa. Damu ilikuwa imechagua rundo moja tu na kulilowesha mpaka chini.

Pembeni palikuwa na birika la umeme na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa kitupu. Cha pili kilijaa chai hadi ukingoni, imeganda utando juu.

"Mgeni alikaribishwa," Inspekta alisema. "Hakunywa."

Daktari wa polisi aliinuka, akavua glavu.

"Pigo moja kubwa, labda na la pili. Juu ya sikio, kuelekea kisogoni. Alikuwa ameinama. Sidhani kama alijua kilichompata."

"Kitu gani kilitumika?"

"Kitu kizito chenye kona. Si nyundo, si rungu. Kuna vipande vidogo vyeusi kwenye nywele, vinafanana na plastiki. Nitavipeleka maabara."

"Lini?"

"Jana jioni. Wakati watu wanafunga ofisi."

Mtaalamu wa alama za vidole, aliyekuwa amejikunja chini ya meza, alitoa mkono nje kama kobe anayechungulia. Kwenye kiganja palikuwa na kidude chekundu cha plastiki, kidogo, cha mraba, kimevunjika upande mmoja.

"Hiki kilikuwa nyuma ya mguu wa kiti, afande."

Inspekta alikigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Hakukijua. Alikitia kwenye mfuko wa vielelezo, akaenda kumwona katibu muhtasi.

Katibu alikuwa ameketi chumba cha pili, kitambaa chenye maji kimewekwa kwenye paji la uso. Alikuwa mama nadhifu, mwenye kujibu kwa ukamilifu hata akiwa analia.

"Walimwita Mkasi," alisema. "Jina baya, lakini ndilo lililomkaa."

"Kwa nini Mkasi?"

"Kwa sababu ya kukata, afande. Wanaochunguza lugha, historia, dini, ndoa, umaskini, wote wanakuja mlango huu mmoja. Fungu la wahandisi ni ng'ombe mzima. Letu ni kwato. Sasa kwato utaigawaje?"

"Kwa hiyo maadui alikuwa nao."

"Kila aliyekatwa alikuwa adui kwa wiki moja. Kisha anaanza kuandika andiko lingine."

"Jana nani alikuja?"

Katibu alisita. "Yule mama wa sosholojia. Tunamwita Radi. Alipasua sauti mpaka mlinzi akapanda ngazi."

"Alisema nini?"

"Sitaki kumtia mtu matatani."

"Mama, ndani ya chumba kile kuna mtu ambaye tayari yuko matatani."

Katibu alijifuta macho. "Alisema, 'Utakata na kukata, mpaka siku utakayojikata mwenyewe.' Akabamiza mlango. Mimi niliondoka baadaye kidogo. Profesa alibaki anasoma. Alikuwa mzima."

Radi alifika kituoni mwenyewe, kabla ya kuitwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye viatu vilivyoshonwa na kushonwa tena.

"Nimesikia mnanitafuta," alisema. "Nimekuja kuwapunguzia mafuta ya gari."

"Kaa, mama. Jana uligombana na marehemu."

"Ugomvi ni wa watu wawili. Mimi nilipiga kelele, yeye alifuta miwani."

"Kisa?"

"Andiko langu limetupwa tena. Nataka kuwafuatilia wanawake wanaoponda kokoto, nijue wanaishije wakishaumia. Kamati imeandika, 'Tija yake haionekani.' Nikamwambia aende machimboni aponde siku moja, tija ataiona kwenye vidole."

"Ukamwambia na kwamba atajikata."

Radi aliinamisha kichwa. "Nilisema. Leo natamani ulimi ungenikauka kinywani."

"Ulipotoka pale ulikwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja."

Inspekta alimsogezea gilasi ya maji. Hakupandisha sauti.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na wewe umeshafika mwisho wake. Jirani yako amesema ulirudi watu wamelala."

Radi aliyanywa maji yote. Alipoiweka gilasi chini, sauti yake ilikuwa imepungua nusu.

"Nilikuwa kwa mheshimiwa mmoja. Namwandikia tasnifu yake ya uzamili. Nipo sura ya tatu."

"Anakulipa?"

"Anayeandika habari za kokoto halipwi, afande. Anayemwandikia asiyejua kuandika analipwa, tena vizuri, na chakula anapewa. Nina watoto wawili shuleni. Chuo kikijua, nimekwisha."

Koplo aliinua kalamu. "Hili niliandike, afande?"

Inspekta alimtazama mwanamke yule, macho yake mekundu, mgongo wake ulionyooka kwa kulazimishwa.

"Andika kwamba alikuwa kazini," alisema. "Na jina la mheshimiwa niachie mimi."

Mchana, dereva na mpishi wa mheshimiwa walithibitisha. Mwalimu yule alikuwa sebuleni kwao tangu kabla ya machweo, akichapa kwenye kompyuta huku mheshimiwa akitazama mpira.

Jioni Inspekta alikwenda nyumbani kwa marehemu.

Viti vya kukodi vilikuwa vimepangwa uani. Ndani, mjane aliketi kwenye kochi, mikono imelegea mapajani kama si yake. Kando yake alikuwepo mzee mfupi mwenye mvi, amemshikia kikombe cha uji, anamhimiza kwa upole.

"Kunywa kidogo tu, shemeji. Tumbo tupu halibebi msiba."

Mjane alikunywa funda moja. Alipomwona Inspekta alijikaza.

"Mmempata?"

"Bado, dada. Pole sana. Nina maswali machache tu."

"Uliza. Nikinyamaza ndiyo naumia zaidi."

"Mumeo alikuwa anaogopa mtu?"

"Alikuwa anaogopa wiki ya kuchagua maandiko. Wiki hiyo alikuwa hali. Alikuwa akisema, 'Mama watoto, nina sahani moja na mlango umejaa watu. Nikimpa huyu, wale wengine nimewaua.'" Alijifuta uso. "Walimwita Mkasi. Alijua. Lakini mkasi haujishiki wenyewe, afande. Kuna mkono unaoushika, na mkono huo hakuna aliyewahi kuupigia kelele."

"Rafiki zake?"

"Mmoja tu. Huyu hapa. Wamelala bweni moja tangu ujana wao. Ndiye aliyesimamia harusi yetu."

Mzee mwenye mvi aliinama kidogo. Alikuwa mhadhiri wa isimu. Wanafunzi walimpa jina la Irabu, kwa sababu kila neno alilolitamka alilivuta taratibu, kama mtu anayekamua nguo ya thamani asiichane.

Inspekta alimwomba watoke barazani.

"Ulimwona lini mara ya mwisho, mzee?"

"Ijumaa. Tulikula chakula cha mchana pamoja."

"Jana hukufika ofisini kwake?"

"Nilifundisha, kisha nikarudi nyumbani. Kichwa kilikuwa kinaniuma."

"Na wewe ulikuwa umeomba ufadhili?"

Irabu alitabasamu kwa uchovu. "Nani haombi? Kuna bibi mmoja, mbali huko milimani. Ndiye wa mwisho anayeijua lugha ya kwao kikamilifu. Waliobaki wanajua maneno mawili matatu ya kuapia na kutukania. Akifa yeye, imekwisha. Nataka kumrekodi, hadithi zake, mafumbo yake, namna anavyobembeleza mtoto."

"Kamati ilisemaje?"

"Isubiriwe awamu nyingine. Ikaja awamu nyingine, ikasemwa hivyo hivyo. Basi nasubiri. Na bibi naye anasubiri."

"Ni mzima?"

"Mzima wa afya," alisema Irabu, akitazama vidole vya miguu yake. "Mgongo tu, unajua tena wazee."

Inspekta alimshukuru. Alipogeuka kuondoka alimwona mzee akirudi ndani, akikichukua tena kile kikombe cha uji, akikipuliza kabla ya kumpa mjane.

Asubuhi iliyofuata mtaalamu wa maabara alimpigia simu.

"Shangazi, nimekijua kile kidude." Akajishtukia. "Samahani, afande."

"Endelea tu. Nimesikia mabaya kuliko hilo."

"Ni kitufe cha redio kaseti. Zile za zamani, nzito, zenye mkono wa kubebea juu. Chekundu ni cha kurekodia. Na vile vipande vya kwenye nywele ni plastiki ya aina hiyo hiyo. Kona ya redio ya namna ile inalingana na jeraha."

Inspekta aliweka simu, akamtazama Koplo.

"Siku hizi nani anatembea na redio kaseti?"

"Mimi ninayo nyumbani," alisema Koplo. "Ila kuku ndiye anayeitumia. Anatagia."

Inspekta hakucheka. Alipiga namba ya Radi.

"Mwanangu, nisaidie jambo dogo. Nyie mnaokwenda kuhoji watu, mnarekodi kwa kifaa gani?"

"Kwa simu. Nani atatununulia vingine?"

"Wote?"

"Wote, isipokuwa Irabu. Yeye haamini simu. Anasema simu inazimeza sauti za puani. Anabeba lile lidude lake la kitivo kama mtoto mgonjwa." Sauti ya Radi ikashuka. "Kwa nini unauliza, afande?"

"Ahsante. Endelea na kokoto zako."

Kilichobaki kilimsumbua zaidi kuliko kitufe. Mtu amekatwa mwaka baada ya mwaka na hakuinua mkono. Kwa nini juzi? Alimpigia katibu muhtasi, akaulizia kijiji cha yule bibi. Katibu alikijua kwa kichwa. Alikuwa amelichapa andiko lile mara nyingi. Kutoka hapo haikuwa vigumu kupata namba ya zahanati. Aliyepokea alikuwa muuguzi, mwenye sauti ya mtu aliyekatizwa usingizi.

"Bibi yule? Mbona tumemzika jana, mama."

Inspekta alikaa.

"Pole. Alifariki lini?"

"Juzi alfajiri. Kifua. Tuliwapigia ndugu wote. Hata yule mwanawe wa mjini, mwalimu mkubwa, nilimpigia mwenyewe, mchana. Alisema anapanda gari la kwanza. Tukasubiri mpaka jua likaanza kushuka. Hakuja."

"Mwanawe? Bibi alikuwa na mtoto?"

"Wa dada yake. Mama yake alifariki huyu akiwa mdogo. Bibi ndiye aliyemnyonyesha, ndiye aliyemtia shule. Lakini ndiyo hivyo, mtoto akishavaa tai, njia ya nyumbani humwotea majani."

Inspekta alirudisha simu mezani. Kisha akavaa kofia yake.

"Koplo, chukua hati ya upekuzi. Twende kwa Irabu."

Ofisi ya Irabu ilikuwa mwisho wa korido, ghorofa moja chini ya ile ya Mkasi. Ilikuwa ndogo, dirisha lake linatazamana na ukuta. Kaseti zilijaa rafu mpaka darini, kila moja na jina la lugha ubavuni. Juu ya kabati la chuma vumbi lilikuwa limelala nene, isipokuwa mahali pamoja, pa mstatili, palipokuwa pasafi kabisa.

Irabu aliwakuta wamesimama mbele ya mstatili ule. Alikuwa amevaa tai nyeusi. Mazishi ya rafiki yake yalikuwa siku ile ile, mchana.

"Redio yako iko wapi, mzee?"

"Nimeipeleka kwa fundi."

"Fundi gani?"

"Wa... wa sokoni."

"Anaitwa nani?"

 Irabu alitafuta kiti kwa mkono, bila kukitazama.

"Imeharibika nini?" Inspekta aliuliza, taratibu, karibu kwa huruma. "Kitufe?"

Alitoa mfuko wa kielelezo, akauweka mezani. Kipande chekundu kililala katikati yao.

"Vitufe huvunjika," alisema Irabu.

"Huvunjika. Jana uliniambia bibi ni mzima wa afya."

"Ndiyo."

"Wakati huo alikuwa maiti, na wewe ulishajua. Muuguzi alikupigia mchana wa siku aliyokufa. Siku ile ile rafiki yako aliyouawa. Ningekuelewa kama ungekuwa unalia. Mtu aliyefiwa hamfichi maiti wake, mzee. Anayemficha ni yule ambaye kifo hicho kitafichua sababu ya alilolitenda."

Kutoka korido zilisikika nyayo za wanafunzi, mmoja akicheka. Irabu alisubiri zipite.

"Iko nyumbani," alisema mwishowe. "Kabatini. Nimeifunga kwa taulo. Nilikwenda nayo mpaka darajani nikashindwa kuitupa." Alilegeza tai yake, akaivua, akaikunja vizuri. "Naomba nisiende mazishini. Shemeji atanitaka nimshike mkono."

Kituoni walimpa chumba chenye meza moja na dirisha la nondo. Redio kaseti ilikuwa tayari imepelekwa maabara, kona yake moja imepasuka, damu imeganda kwenye matundu ya spika. Inspekta alimsomea haki zake: kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalolisema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Irabu alisikiliza kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi akisoma kwa sauti.

"Nitasema," alisema. "Simu ilinikuta darasani. Nilimaliza kipindi. Sijui nilifundisha nini. Kisha nikaichukua redio nikapanda kwake."

"Kwa nini redio?"

"Ni mali ya kitivo. Nilitaka kuiweka juu ya meza yake nimwambie, chukua, kazi imekwisha."

"Alikupokeaje?"

"Kama ndugu. Alinitazama tu akajua kuna msiba. Akachemsha maji, akanimiminia chai. Nilipomwambia ni nani, akasema pole, na ilimtoka moyoni. Mimi nikamwambia, umemwua wewe. Umeua lugha nzima kwa kalamu nyekundu. Akanyamaza. Nikarudia. Akanyamaza. Nikarudia tena, nikamtukania na marehemu mama yake."

"Ndipo akajibu."

"Ndipo akajibu." Irabu alikausha midomo kwa ulimi. "Akasema, 'Ndugu yangu, kwenu ni safari ya basi. Simu unayo. Likizo zote hizi ulikuwa ukinywa kahawa na mimi hapa. Nimebeba lawama za kitivo kizima, lakini hii si yangu. Usinitwishe.' Akavua miwani, akainamia karatasi zake. Nadhani alitaka nisione kama analia."

"Ukampiga."

"Nikampiga."

Kalamu ya Koplo ilikwaruza karatasi, ikasimama. Nje gari la polisi lilikuwa likigoma kuwaka.

"Aliyosema yalikuwa uongo?" Inspekta aliuliza.

"Yangekuwa uongo, ningemjibu."

Inspekta alivuta kiti karibu. Mashtaka yalikuwa yamekamilika. Angeweza kufunga jalada pale pale. Lakini alikuwa na swali moja ambalo sheria haikulihitaji.

"Ni kweli ulikuwa na simu. Nauli ulikuwa nayo. Kwa nini hukwenda?"

Mzee alitazama nondo za dirisha.

"Shule tulichapwa kwa kuisema lugha ile," alianza. "Nikaapa nitaiacha. Nikaiacha vizuri mno. Baadaye nilipokuwa msomi ikawa mali, watu wanaiulizia mikutanoni, nikaandika makala kwa madondoo waliyokusanya wengine. Najua ngeli zake zote. Najua vitenzi vyake vinavyonyumbuka. Lakini mama mdogo akinisemesha, nilikuwa kama mtoto anayejifunza kutembea. Mara ya mwisho nilipokwenda alinisalimia, nikajibu, nikakosea. Alinitazama. Kisha akahamia Kiswahili chake cha kuokoteza, ili asinifedheheshe. Mama mzima, nyumbani kwake, anababaika kwa lugha ya wageni ili mimi nisione haya."

Alifuta uso kwa kiganja.

"Kwa ufadhili ningekwenda na gari, na mashine, na wasaidizi wawili. Ningekuwa mtafiti, yeye mtoa taarifa. Mtafiti haulizwi kwa nini hajui kuitikia salamu. Bila ufadhili ningeshuka kwenye basi nikiwa mtoto tu aliyesahau. Kwa hiyo niliomba. Kila mwaka niliomba, na kila walipokataa, Mungu anisamehe, kuna mahali moyoni nilishusha pumzi. Mkasi alilijua hilo. Miaka yote alilijua, akaninyamazia. Siku ile nilimlazimisha aseme."

 Inspekta alijiona ana miaka mingi kuliko aliyokuwa nayo asubuhi.

"Bibi yule ulikuwa ukimwitaje?" aliuliza.

"Mama mdogo."

"Kwa lugha yenu."

Irabu aliinua kichwa. Alifunga macho, akalitamka. Lilikuwa neno fupi, lililoanzia puani na kupanda mwishoni kama swali. Alilitamka mara moja tu, bila kukosea.

Koplo, kalamu hewani, aliinama mbele. "Linaandikwaje hilo, mzee?"

"Sijui," alisema Irabu. "Hakuna aliyewahi kuliandika."

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta alikuwa ameligeukia dirisha. Koplo alingoja kidogo, kisha kwa hati yake nzuri akaandika "mama mdogo", akafungua ukurasa mwingine.